Kijana Wetu Anataka Kuwa Mtaalamu wa Tiba ya Usemi: Asome Nini Ndipo Serikali Imwajiri?

Swali hili limeletwa na kikundi cha akina mama upande wa Runyenjes. Kikundi hiki kina mfuko wa masomo, kila mwanakikundi anatoa kitu kidogo baada ya bonasi ya majani chai. Binti wa mmoja wao amemaliza kidato cha nne na kupata B-. Ndugu yake mdogo ana mtindio wa ubongo: hasemi, na hata kumeza uji ni shida. Msichana ameona taabu hiyo nyumbani tangu utoto, na sasa anataka kusomea kazi ya kuwasaidia watu wasioweza kusema. Halafu akaja mtu na karatasi za rangi, akawaambia kwamba chuo chake kinatoa cheti cha kazi hiyo kwa miezi sita, na ati kaunti inawaajiri moja kwa moja. Akina mama wanauliza: tulipe?

Jibu letu ni hapana, msilipe. Sasa someni mjue kwa nini, na pesa hizo mnaweza kuzielekeza wapi.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kitaalamu huitwa tiba ya usemi na lugha. Mjini utasikia watu wakisema spichi therapisti, na huku kwetu wengi husema tu daktari wa kusema. Wengi hufikiri kazi yake ni kumfundisha mtoto kutamka maneno, na basi. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake hospitalini ni koo na kumeza. Mzee akipatwa na kiharusi, mara nyingi upande mmoja wa mdomo na koo hulegea. Akinywa maji, mengine huteremka kwenye mapafu badala ya tumbo. Watu wa nyumbani wanaona anakohoa, wanafikiri ni baridi. Baada ya siku chache ana nimonia, na wengine hufa kwa hiyo nimonia wala si kwa kiharusi. Mtaalamu huyu ndiye anayepima kumeza kwa mgonjwa na kusema: huyu apewe uji mzito, yule asipewe kitu kwa mdomo kwanza.

Tena anashughulikia watoto wenye mtindio wa ubongo, watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka ambao wameshashonwa lakini bado sauti inatokea puani, wenye kigugumizi, watoto wasiosikia vizuri, na watu waliopoteza maneno baada ya ajali ya pikipiki. Hii ya mwisho tunaiona sana siku hizi. Kijana anaelewa kila kitu unachomwambia, lakini neno halitoki, na familia inadhani amerukwa na akili.

Kwa hivyo huyu ni mtu anayepaswa kuujua mwili: mishipa ya fahamu, koo, mapafu, sikio, na jinsi mtoto anavyokua. Lazima pia ajue lugha inavyofanya kazi. Na lazima awe amekaa na wagonjwa mbele ya mwalimu wake kwa muda mrefu. Hebu jiulizeni kama hayo yanaingia katika miezi sita.

NJIA KAMILI NI DIGRII

Katika nchi nyingi kazi hii haifanywi bila digrii. Uingereza jina lenyewe linalindwa na sheria: huwezi kujiita mtaalamu wa tiba ya usemi kama hujaandikishwa katika baraza lao. Marekani wamepandisha zaidi, wanadai digrii ya pili. Afrika Kusini mwanafunzi husoma miaka minne, na tangu 2003 lazima atumikie mwaka mmoja katika hospitali ya umma kabla ya kujitegemea.

Huku Afrika Mashariki tulichelewa. Kwa miaka mingi watu wachache waliofanya kazi hii Kenya walikuwa wamesomea ng'ambo, au walikuwa wageni waliokuja kujitolea. Ni 2008 ndipo Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilipoanzisha digrii ya tiba ya usemi na lugha. Makerere si mbali. Basi la usiku kutoka Nairobi linafika asubuhi. Ndiyo maana tunaitaja kwanza kwa mzazi wa Embu au Meru.

Lakini kuna jambo moja la kuangalia, nalo limewakwaza wengi. Uganda wana kidato cha tano na cha sita, sisi tuliviacha na mfumo wa 8-4-4. Kwa hivyo KCSE ya mtoto wetu lazima ilinganishwe rasmi na vyeti vya Uganda kabla ya kuomba nafasi, na anaweza kuambiwa asome kwanza kozi ya daraja ya kumwingiza chuo kikuu. Huo ni muda zaidi na karo zaidi. Kamati iulize hayo chuoni kwa barua na ipate jibu kwa barua. Maneno ya simu yasitoshe.

Akirudi na digrii, ofisi ya serikali yetu inayotambua vyeti vya nchi za nje lazima ikitambue cheti chake. Bila barua hiyo, maombi yake ya kazi yatawekwa kando hata kama ndiye aliyefaulu kuliko wote.

Kwa wanaotaka kusoma hapa nyumbani, kiwango cha chini cha kuingia digrii Kenya ni C+ ya jumla, lakini kozi za afya hudai pia alama maalum kwenye masomo kama Bayolojia, Kemia na Kiingereza. Kila mwaka KUCCPS hutoa orodha ya kozi zote zilizoidhinishwa, chuo kwa chuo, pamoja na alama zinazotakiwa. Orodha hiyo ndiyo ya kuamini. Kozi ya digrii ikiwa haimo, hata kama chuo kina jengo la vioo Nairobi, msitoe shilingi.

Na wale ambao watoto wao sasa wako shule ya upili ya mtaala mpya: darasa la kwanza la gredi ya 10 lilianza Januari 2026, na KCSE ya mwisho ni 2027. Mtoto anayefikiria kazi yoyote ya hospitali achague mkondo wa sayansi na achukue Bayolojia. Akichagua mkondo mwingine kwa sababu rafiki zake wako huko, kurudi ni vigumu.

KAMA DIGRII HAIWEZEKANI

Si kila kikundi kinaweza kubeba digrii, na si kila kijana amepata B-. Kuna kazi za jirani, nazo serikali inazijua na kuziajiri tangu zamani.

Ya kwanza ni tiba ya kazi, ile wanayoita okupesheno therapi. KMTC hufundisha diploma yake kwa miaka mitatu, na mlango wake ni kuanzia C ya KCSE pamoja na alama za masomo yanayotakiwa. Katika hospitali nyingi za kaunti mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo hupelekwa kwa huyu mtaalamu. Yeye ndiye anayemwonyesha jinsi ya kumkalisha mtoto, kumlisha, kumfundisha kushika kijiko. Kwa maoni yangu, kwa msichana wa Runyenjes hii ni njia nzuri sana hata kama ndoto yake ni digrii. Atakuwa na kazi inayojulikana, na baadaye anaweza kuendelea na masomo akiwa na mshahara wake mwenyewe.

Ya pili ni afisa wa kliniki. Huyu akishasoma diploma na kufanya kazi, anaweza kurudi KMTC kusomea masikio, pua na koo. Watoto wengi wanaoletwa kwa kutosema shida yao ni sikio. Usaha umetoka miaka miwili na hakuna aliyejali.

Ya tatu ni ualimu wa elimu maalum. Taasisi ya KISE iliyoko Kasarani, Nairobi, ilianzishwa 1986 kwa kazi hii. Lakini mwalimu huajiriwa na TSC, si na wizara ya afya, na mahali pake ni shuleni. Shule ya Viziwi ya Kaaga huko Meru na ile ya St. Luke's huko Embu zinahitaji watu wa namna hii. Hapo niseme kando kidogo: mtoto kiziwi kabisa asinyimwe lugha ya ishara kwa sababu mzazi anangojea daktari wa kusema. Lugha ya Ishara ya Kenya imo ndani ya Katiba ya 2010. Mtoto ajifunze mapema awezavyo, na wazazi pia wajifunze. Ni huzuni kuona mtoto anarudi nyumbani likizo na hakuna hata mmoja wa kuongea naye.

SERIKALI INAAJIRI VIPI?

Zamani kazi za hospitali zilitoka Nairobi. Tangu 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, ila zile chache za kitaifa kama Kenyatta. Kwa hivyo anayetaka kazi Embu au Meru anaajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti hiyo, na bodi lazima itangaze nafasi. Mkiambiwa kwamba kuna mtu anayeweza kuwapatia barua ya kazi bila tangazo, mjue mnaibiwa.

Pamoja na cheti cha masomo, mwombaji huulizwa cheti cha tabia njema kutoka polisi wa upelelezi, barua ya ushuru ya KRA, barua ya HELB kwamba halipi au analipa mkopo wake, fomu ya tume ya maadili na ripoti ya mikopo. Vitu hivi si vigumu kupata, lakini vinachukua siku na nauli. Kijana avianze mapema, asingoje wiki ya mwisho.

Tena kada nyingi za afya zina baraza lake kisheria: manesi wana lao, maafisa wa kliniki wana lao, wafanyi kazi wa fiziotherapi pia. Kabla ya kulipia kozi yoyote ya afya ulizeni: mtoto wetu akimaliza ataandikishwa na nani? Wataalamu wa tiba ya usemi nao wana chama chao Kenya. Mwulizeni mmoja wao kama cheti hicho anakijua. Kwa kuwa ni wachache nchi nzima, wanajuana, na cheti cha uongo wanakitambua haraka.

Sasa kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Hata mwenye digrii kamili hawezi kuajiriwa kama kaunti haina nafasi hiyo katika orodha ya wafanyi kazi wake, na nafasi haiwi bila pesa kutengwa. Hospitali inaweza kuwa na nafasi za manesi mia na isiwe na hata moja ya mtaalamu wa usemi. Hapo vikundi vina nguvu kuliko mnavyodhani. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha inafuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi lazima waitwe kutoa maoni. Tunaenda kwenye mikutano hiyo na wote tunasema barabara, barabara, barabara. Kikundi kimoja kikisimama na barua iliyotiwa sahihi na wazazi arobaini, ikiomba nafasi moja tu ya mtaalamu wa usemi katika hospitali ya rufaa, jambo hilo litaandikwa. Barua ipelekwe pia kwa mwakilishi wa wadi, nakala ibaki kwa katibu wa kikundi.

JINSI NILIVYOKOSEA

Ninaandika haya kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kupoteza pesa za watu. Mwaka 2017 kijana mmoja wa kanisa letu, upande wa Imenti, alikubaliwa katika chuo cha mjini kusomea "tiba ya usemi". Sikuuliza mengi. Barua ilikuwa na muhuri, na mkuu wa chuo alizungumza vizuri. Nilisimama mbele ya waumini, nikaongoza harambee. Mjane mmoja aliuza mbuzi. Kijana alisoma miezi tisa, akarudi na cheti kikubwa chenye maandishi ya dhahabu.

Alipoomba kazi hospitalini aliambiwa kwa upole kwamba cheti hicho hakina kada. Hakuna baraza linalokijua wala orodha ya serikali inayokitaja. Tuliporudi chuoni tukakuta chumba kimefungwa, na chini sasa ni duka la simu. Kijana hakusema neno la kunilaumu. Huyo mjane ndiye aliyeniuliza siku moja baada ya ibada, bila hasira: "Mwalimu, ile kazi ya kijana ilianza?"

Tangu hapo nauliza maswali manne kabla ya mchango wowote wa masomo: kozi iko kwenye orodha rasmi? Nani atamwandikisha akimaliza? Kuna mtu tunayemjua aliyeajiriwa na serikali kwa cheti hiki hiki? Wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, na hospitali hiyo inakubali kwamba ni kweli? Hilo la nne ndilo linalofichua waongo. Chuo cha kweli kina mkataba na hospitali. Piga hatua hadi hospitalini, uulize.

Kuna jambo jingine la kumpa moyo binti wa Runyenjes. Vipimo vingi vya kazi hii vilitengenezwa kwa watoto wanaosema Kiingereza. Mtaalamu asiyejua Kiembu, Kimbeere, Kitharaka au Kimeru hawezi kujua kama mtoto wa hapa anakosea au anasema tu kama nyanya yake. Mtu wa Mlima Kenya akichanganya r na l katika Kiingereza si mgonjwa. Tungekuwa wagonjwa karibu sote, pamoja na wahubiri. Mtaalamu mwenye lugha ya nyumbani atafanya kazi ambayo mgeni mwenye digrii mbili hawezi.

WAKATI TUNANGOJA

Wagonjwa hawawezi kungoja miaka mitatu. Haya machache kila nyumba inaweza kufanya.

Mgonjwa wa kiharusi au mtoto wa mtindio asilishwe akiwa amelala. Mkalishe wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, kamwe kisirudi nyuma. Kijiko kidogo, meza kwanza, ndipo kingine. Akimaliza abaki ameketi nusu saa. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, au akapata homa mara kwa mara, apelekwe hospitali na mseme wazi: anakohoa akimeza. Maneno hayo yanamsaidia daktari.

Mtoto wa mwaka mmoja huwa na neno moja au mawili. Wa miaka miwili anaunganisha mawili, kama "mama maji". Ikiwa bado, apimwe masikio kwanza. Msikubali akatwe kimio wala chini ya ulimi na mtu wa kijijini kwa wembe. Hakumfanyi aseme, na damu na uchafu vinaweza kumwua. Mwambieni mhudumu wa afya wa jamii awaandikie rufaa. Kuna pia vituo vya serikali vya kupima watoto wenye ulemavu ili wapangiwe shule, vilivyoanza 1984, na mzazi anaweza kuuliza kituo cha karibu katika ofisi ya elimu. Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka ana nafasi ya kushonwa bure kupitia mashirika yanayolipia upasuaji huo. Ulizeni katika hospitali za misheni. Na tafadhali, mwenye kigugumizi asimaliziwe maneno yake. Mngojeeni.

Barua ya kikundi cha Runyenjes tuliijibu wiki mbili zilizopita. Mweka hazina ametupigia simu kusema yule mtu wa karatasi za rangi alirudi, akaulizwa wanafunzi wake wanafanyia mazoezi hospitali gani, akasema ataleta jina siku nyingine. Pesa bado ziko benki. Binti ameandika barua mbili, moja ya kwenda KMTC kuuliza kuhusu tiba ya kazi na nyingine ya kwenda Kampala, na mama yake amekubali kusimama kwenye mkutano wa bajeti wa wadi.